UZI: Jean-Léon Gérôme, Mfaransa aliyetuchorea Roma na Misri tunazoziona kichwani mpaka leo

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mwambie mtu yeyote afikirie uwanja wa mapigano wa Roma ya kale. Atakutajia mpiganaji aliyemkanyaga mwenzake shingoni, na umati umegeuza dole gumba chini ukidai mtu amalizwe. Picha hiyo ina mwenyewe. Ilichorwa Paris mwaka 1872, inaitwa Pollice Verso, na leo iko makumbusho ya Phoenix, Arizona. Wanahistoria hadi kesho wanabishana Warumi walikuwa wanageuza dole kuelekea wapi, lakini mtaani kesi ilishafungwa na mchoraji. Filamu ya Gladiator ya mwaka 2000 ilianza namna hiyo pia: watayarishaji walimpelekea Ridley Scott nakala ya picha hiyo, akanasa.

Mchoraji ni Jean-Léon Gérôme. Wengi hawalijui jina, kazi zake wameziona. Nimemfuatilia muda mrefu na sijaamua kama nampenda, ndiyo maana naleta uzi.

Alizaliwa 11 Mei 1824 Vesoul, mji mdogo wa mashariki mwa Ufaransa, baba yake sonara. Likumbukeni hilo la usonara, maana jicho lake la vitu vidogo halikumtoka mpaka kufa. Mwaka 1840, akiwa na miaka 16, akatua Paris na kuingia studio ya Paul Delaroche, bingwa wa picha za historia. Delaroche alipofunga studio mwaka 1843 na kwenda Italia, kijana akamfuata. Huko Napoli akaona kofia za chuma na silaha za wapiganaji zilizofukuliwa Pompeii. Kofia zilezile utazikuta kwenye picha zake miaka thelathini baadaye, hadi misumari.

Sasa muelewe mfumo wa enzi zile. Mchoraji alikuwa na mlango mmoja tu: asome shule ya serikali, École des Beaux-Arts, ashinde Prix de Rome apelekwe Italia kwa gharama za dola, kisha apenye kwa majaji wa Salon, maonyesho makuu ya Paris. Picha za historia na dini juu, sura za watu katikati, mandhari na matunda chini kabisa. Hao waliopanda ngazi hiyo ndio wanaoitwa wachoraji wa akademia.

Gérôme alijaribu Prix de Rome mwaka 1846 akabwagwa. Walimu walisema mwili wa binadamu bado unamshinda. Badala ya kulia, akachora kijana na binti wa Kigiriki wakipiganisha majogoo, akapeleka Salon ya 1847. Medali ya daraja la tatu, na mkosoaji Théophile Gautier akampamba gazetini. Miaka 22 wakati anachora, na ghafla ana jina. Picha iko Musée d'Orsay, Paris. Nikiiangalia naona majogoo yana uhai kuliko hao vijana, lakini hayo ni maoni yangu.

Naendelea chini.

#2

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, hao wa akademia si ndio waliowabania akina Monet, wale wachoraji wa impressionism?

#3 – Mleta uzi

Ndio hao, na huyu alikuwa kamanda wao. Tutafika, usiwe na haraka.

Miaka ya 1850 serikali ya Napoleon III ikampa kazi kubwa: picha ya karne ya Kaizari Augusto na kuzaliwa kwa Kristo, turubai lenye upana wa takriban mita 10. Malipo faranga 20,000. Alipoimaliza mwaka 1855 watu waliipokea kwa baridi, na mimi nawaelewa, imejaa watu mpaka huoni pa kushika. Lakini fedha ile ndiyo iliyobadilisha maisha yake, maana ilimpa nauli. Alishafika Istanbul mwaka 1853. Mwishoni mwa 1855 akaenda Misri akakaa miezi kadhaa, sehemu kubwa juu ya Mto Nile ndani ya mashua. Mmoja wa wenzake safarini alikuwa kijana Auguste Bartholdi, ambaye baadaye alitengeneza Sanamu ya Uhuru ya New York.

Tangu hapo Mashariki haikumtoka. Alirudi tena na tena, na mwaka 1869 alikuwa miongoni mwa walioalikwa kwenye ufunguzi wa Mfereji wa Suez.

Picha yake ninayoipenda kuliko zote haina ngamia wala Kaizari. Ni ya 1857, mapambano ya upanga baada ya dansi ya vinyago. Alfajiri, theluji, msitu wa Bois de Boulogne. Aliyechomwa amevaa mavazi meupe ya mchekeshaji Pierrot, anaanguka mikononi mwa rafiki zake nao wamevaa nguo za sherehe. Mshindi, aliyejivika kama Mhindi Mwekundu, anaondoka kulia akiwa ameegemea bega la mwenzake, na manyoya ya vazi lake yamedondoka kwenye theluji karibu na upanga alioutupa. Nyuma kabisa, ndani ya ukungu, magari ya farasi yanasubiri. Huoni pigo lenyewe, unaona sekunde chache baada yake.

Huo ndio mchezo wake: anachora kilichobaki tukio likishapita. Kwenye Kifo cha Kaisari, yaani Julius Kaisari wa Roma, hakuna anayechoma kisu. Kaisari amelala chini pembeni, gizani, nguo imemfunika, kiti kimepinduka, na wauaji wanatoka mlangoni wameinua silaha. Kwenye safu za viti amebaki mzee mmoja mnene, amekaa tu. Amelala? Ameganda kwa hofu? Gérôme hasemi. Kwangu huyo mzee ndiye picha nzima.

#4

Mkuu unatiririka vizuri. Alikuwa na hela lakini? Maana wachoraji tunaosikia habari zao wote walikufa na njaa.

#5 – Mleta uzi

Huyu njaa aliisikia kwa jirani. Mwaka 1863 alimuoa Marie Goupil, binti wa Adolphe Goupil, mfanyabiashara mkubwa wa picha Paris, mwenye matawi nje ya nchi likiwemo la New York. Goupil hakuwa anauza turubai tu. Alikuwa ananunua haki ya kunakili, kisha anachapa: nakala kubwa kwa mwenye uwezo, ndogo kwa karani, kadi kwa mwanafunzi. Picha moja inaingia nyumba maelfu. Ndivyo Pollice Verso ilivyosambaa dunia nzima ilhali yenyewe ilinunuliwa na tajiri wa maduka wa New York, Alexander Stewart, kwa faranga 80,000.

Émile Zola, mwandishi na mkosoaji, alimchana mwaka 1867: kwamba bwana huyu anafanya kazi kwa ajili ya duka la Goupil, anachora ili picha ipigwe chapa iuzwe maelfu. Alilisema kama tusi. Nami nikilitafakari naona Zola aligusa pabaya na pazuri kwa pamoja. Picha za Gérôme kweli hazipotezi sana zikinakiliwa, kwa sababu nguvu yake iko kwenye kisa na mpangilio. Uso wa turubai lake umelainishwa mpaka alama ya brashi huioni. Monet ukimnakili kwa wino mweusi umemuua.

#6

Assalaam aleikum. Mleta uzi umetaja Misri, basi niseme na mimi. Kuna picha yake ya watu wakiswali ndani ya msikiti mkubwa wa nguzo, niliwahi kuiona mtandaoni. Watu wamejipanga safu vizuri, njiwa wametua sakafuni, nuru inaingia. Nikasema mashallah, huyu mtu aliingia akaona. Halafu katikati ya safu kuna mtu nywele ndefu, amevaa kitambaa kiunoni tu, anaswali. Hapo nikashtuka. Nani anaswali jamaa hivyo?

#7 – Mleta uzi

Waaleikum salaam, sheikh wangu. Hiyo ni Swala Msikitini ya mwaka 1871, iko makumbusho ya Metropolitan, New York, na msikiti ni wa Amr bin al-As, Cairo. Huyo wa kitambaa alimkusudia awe fakiri, mtu wa zuhudi. Mafakiri wa sampuli hiyo walikuwepo mitaani Cairo. Kumpanga safuni jirani na bwana mkubwa na wapambe wake wenye silaha, hiyo ni kazi ya mchoraji.

Na hapa ndipo ninapotaka kubishana nanyi wakuu. Gérôme karibu kila kipande chake ni cha kweli. Tatizo ni jinsi vipande anavyovishona.

Chukua Mcheza na Nyoka ya karibu 1879, iliyoko makumbusho ya Clark, Williamstown, Massachusetts, Marekani. Mtoto wa kiume amesimama uchi juu ya zulia dogo, ametupa mgongo, chatu amemzunguka mwilini. Mzee kando anapuliza filimbi. Upande wa pili wameketi wanaume chini wenye silaha na vilemba, migongo ukutani, wanatazama. Ukuta wenyewe ni vigae vya buluu vya ajabu. Vigae hivyo ni vya jumba la masultani la Topkapi, Istanbul, ukienda utavikuta. Juu yake kuna maandishi ya Kiarabu yanayosomeka: ni Suratul Baqara, aya ya 256, ile ya kutokuwepo shuruti katika dini. Chini kabisa vigae vimebanduka, na kila ufa umechorwa.

Sasa jiulize: ni nani aliyepeleka mcheza nyoka na mtoto uchi mbele ya ukuta wa jumba la sultani, chini ya aya? Hakuna. Vigae vya Istanbul, mchezo wa Cairo, silaha kutoka kabati lake la Paris, mtoto mwanamitindo wa studio. Umeletewa mahali ambapo hapajawahi kuwepo, ila kwa sababu ufa wa kigae ni wa kweli unaamini na mengine. Mchoraji mzembe asingeweza kukudanganya hivi.

Ndiyo maana mwaka 1978 picha hiyo iliwekwa kwenye jalada la kitabu maarufu cha Edward Said kuhusu namna Wazungu walivyojitengenezea Mashariki yao. Mwaka 1983 mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin akaichambua kipande kwa kipande. Alihoji kwa nini hakuna Mzungu hata mmoja ndani ya picha hizi ilhali Wazungu walijaa huko, na akasema vigae vilivyobanduka vinanong'ona kwamba watu hawa wameshindwa kutunza urithi wao. Hoja ya kwanza naikubali kabisa. Ya pili naona kidogo alijaza, maana Gérôme alichora nyufa za Roma kwa mapenzi hayohayo.

#8

Mkuu hapo nakupinga kidogo. Unamtetea kwa sababu anajua kuchora. Ile ya soko la watumwa je? Binti uchi, mnunuzi anamwingiza vidole mdomoni kukagua meno. Mfaransa anachora hiyo Paris, matajiri wananunua wanatundika sebuleni, halafu tunaambiwa ni historia?

#9 – Mleta uzi

Hapo sikutetei wala simtetei, ndugu. Soko la Watumwa ni ya 1866. Biashara ya utumwa Misri ilikuwepo kweli. Wanawake na watoto waliteremshwa kutoka Sudan na Uhabeshi, na huku kwetu soko la Unguja lilikuwa bado linafanya kazi, likafungwa mwaka 1873. Lakini angalia nani kawekwa katikati na mwanga umempiga nani: binti mweupe, mwili laini kama sanamu ya Kigiriki. Watu weusi waliokuwa wengi sokoni amewasogeza pembeni. Mnunuzi wa Paris alipata vitu viwili kwa bei moja, kumhurumia binti na kumtazama. Kibaya zaidi Ufaransa yenyewe ilikuwa imefuta utumwa kwenye makoloni yake mwaka 1848 tu, yaani miaka 18 nyuma. Utumwa ukawa ghafla jambo la watu wengine.

Na haijaisha. Mwaka 2019 AfD, chama cha mrengo mkali wa kulia cha Ujerumani, kiliitumia picha hiyo kwenye mabango Berlin kuwatisha watu na wahamiaji. Makumbusho ya Clark, wenye picha, waliwaandikia kuwataka waache.

#10

Samahani kuchelewa. Hao ndugu zetu weusi kwenye picha zake walikuwa akina nani? Kuna mmoja amevaa hariri ya waridi, ana kilemba kirefu cha shada shada, amebeba bunduki begani. Ile sura haitoki kichwani.

#11 – Mleta uzi

Dada, hiyo ni Bashi-Bazouk ya 1868–69, nayo iko Metropolitan. Bashi-bazouk walikuwa askari wa kukodi wa dola ya Uthmani, hawana sare, mshahara wao nyara. Huyo bwana hakuwa askari. Ni mwanamitindo aliyevishwa nguo ambazo Gérôme alirudi nazo safarini, jina lake halikuandikwa popote. Hariri ile hakuna askari wa nyara angeivaa vitani.

Ila ikuze uangalie kwa karibu. Mwanga unatoka kushoto, unateleza shavuni, unakatika kwenye mfupa, na weusi wa ngozi haukupakwa rangi moja. Kuna kahawia, zambarau, na mahali kuna baridi ya bluu. Wachoraji wengi wa enzi zile ngozi nyeusi waliipaka tu ikaisha. Huyu alitazama. Vazi la uongo, uso wa kweli. Ndiyo maana nikasema sijaamua.

#12

Rudi kwa akina Monet mkuu, uliahidi.

#13 – Mleta uzi

Haya. Mwaka 1863 École des Beaux-Arts ilifanyiwa marekebisho, zikaanzishwa studio tatu za uchoraji ndani ya shule. Moja akapewa Gérôme, nyingine Cabanel na Pils. Akafundisha karibu miaka 40, wanafunzi zaidi ya 2,000. Mmarekani Thomas Eakins alifika mwaka 1866 na alimheshimu mpaka mwisho. Odilon Redon alitoka analalamika kwamba ameteswa. Wanawake shule haikuwapokea hadi 1897, kwa hiyo mchoraji Mary Cassatt ilibidi alipie masomo ya nyumbani. Osman Hamdi Bey, Mturuki aliyekuja kusimamia makumbusho ya Istanbul, naye anatajwa kupitia mikononi mwake. Angalieni picha za Osman Hamdi mfananishe: vigae vilevile, ila watu wamevaa, wanasoma, wanajadiliana.

Kwa mtu wa cheo hicho, akina Monet walikuwa wahuni wanaovunja nyumba. Mwaka 1884 alipinga marehemu Manet (si Monet, huyu ni mchoraji mwingine waliyemheshimu akina Monet) kufanyiwa maonyesho ndani ya École. Mwaka 1894 Gustave Caillebotte, mchoraji mwenzao, alifariki akaiachia serikali mkusanyo wake wa Monet, Renoir, Degas, Cézanne na wenzao, na Gérôme akapiga kelele kwamba dola ikipokea uchafu ule maadili yameoza. Serikali ilichukua takriban kazi 40, nyingine ikaziacha. Inasimuliwa kwamba kwenye maonyesho ya dunia ya 1900 alimzuia Rais Loubet mlangoni mwa chumba cha hao wachoraji, akimwambia humo ndimo aibu ya Ufaransa ilimo.

Kazi hizo za Caillebotte leo ziko Musée d'Orsay, na Majogoo ya Gérôme yako jengo hilohilo.

Kilichomkuta baadaye kinasemwa vizuri na bei. Mcheza na Nyoka iliuzwa mwaka 1888 kwa dola 19,500. Mwaka 1942 Sterling Clark, mtoto wa familia iliyokuwa imeimiliki, aliinunua tena kwa dola 500. Dola mia tano, wakuu! Watu hawakuwa wanamchukia tena, walikuwa wamemsahau.

Mwenyewe hakuyaona hayo. Uzeeni alikuwa amehamia sana kwenye uchongaji, anapaka rangi marumaru ili sanamu ifanane na mtu, jambo lililowakera watu wa heshima. Alikutwa amekufa studio kwake Paris, 10 Januari 1904, akiwa na miaka 79. Amezikwa Montmartre, na juu ya kaburi kuna sanamu ya majonzi aliyoichonga kwa ajili ya mwanawe Jean aliyemtangulia mwaka 1891.

#14

Nondo tupu. Mimi najifunza kuchora kwa penseli mwenyewe nyumbani. Kuna chochote cha huyu mzee kinachoweza kunisaidia au ni cha wasomi tu?

#15 – Mleta uzi

Kipo, tena bure. Kati ya 1866 na 1871 Charles Bargue, akishirikiana na Gérôme, alitoa mafunzo ya kuchora yaliyochapwa na Goupil, jumla ya kurasa 197 za kunakili. Zimepitwa na haki miliki, zinapatikana mtandaoni. Unaanza na sanamu za plasta: macho, masikio, pua, mikono, miguu. Kila sehemu imewekwa kwa hatua. Kwanza mistari iliyonyooka mitupu inayofunga umbo, hakuna kupinda. Kisha mstari unaotenganisha kivuli na mwanga. Kivuli unakijaza kwa weusi mmoja tulivu, na nusu kivuli zinakuja mwisho kabisa. Kosa la wengi ni kurukia kope na mikunjo kabla umbo halijakaa. Chukua karatasi ya ukubwa uleule wa mfano, pima kwa uzi, usikadirie.

Van Gogh alianza na haya haya mwaka 1880. Alikuwa kijijini kwa wachimba makaa Ubelgiji hana kitu, akaandika barua kuomba aazimwe na meneja wa tawi la Goupil la The Hague, mahali alipowahi kuajiriwa. Aliyanakili yote, na miaka kumi baadaye akarudia angalau sehemu yake.

#16

Nimeshapakua mkuu. Naanza na sikio, nikimaliza nalileta hapa mnichambue bila huruma.